Muuza jumla kuanika bei Instagram: anajitangaza au anatuua wenye maduka?

Wakuu, nina duka la nguo Mbeya, mzigo nachukua Kariakoo. Siku hizi mabosi wa jumla wanajirekodi stoo, marobota nyuma yao, na bei imeandikwa juu ya video: "Dazeni 84,000, rejareja 9,000." Watu wanashangilia kwenye komenti. Mimi naona wanakata tawi walilokalia.

Mteja wa muuza jumla ni mwenye duka wa Tunduma, Songea, hata Lubumbashi. Ameshalipa nauli, kodi ya fremu na mshahara wa dada wa dukani. Akisema shati 15,000, mnunuzi anamtolea simu: "Mbona huyu anauza 9,000?" Amjibu nini?

Na "bei njoo inbox" si dawa. Anayeagiza aina thelathini hawezi kubembelezea bei moja moja. Instagram waoneshe mzigo mpya na rangi zilizopo, bei waweke status ya WhatsApp. Status wanaiona waliohifadhiana namba tu, tena saa 24 zikipita imefutika. Dola ikipanda hakuna wa kukuletea bei ya mwezi jana. Hata katalogi ya WhatsApp Business inakubali bidhaa bila bei.

Mnasemaje?

*Mchangiaji wa kwanza:* Mkuu, umewasahau wateja wapya. Mimi niko Sumbawanga, bosi wangu wa viatu nilimpata Instagram kwa sababu aliweka bei. Angeweka status, namba yake ningeitoa wapi? Zamani nilikuwa na mtu wa kunizungusha Kariakoo, kumbe anakula kwangu na anakula kwa mwenye duka.

*Mleta mada:* Hapo nakubali nusu. Basi aweke bei ya kuanzia dazeni tano na asiuze pisi moja kabisa. Ninayemlalamikia ni huyu wa jumla na rejareja kwenye video moja, halafu anampakilia mteja wangu shati moja kwenye basi hadi hapa Mbeya.

*Mchangiaji wa pili:* Mimi ndiye huyo unayemsema. Kodi ya fremu Kariakoo unaijua? Ninyi wa mikoani mnachukua mzigo kwa msimu, tena wengine kwa mkopo, na simu hampokei. Wa pisi moja analipa kwanza kwenye lipa namba ndipo nafunga mzigo. Wiki ambayo hamji, nifunge duka?