MJADALA: Mtoto mdogo pua imeziba, tumfukize au tuache?

Mleta mada:
Wakuu salama? Hii mada naileta maana juzi kwenye grupu la WhatsApp la wazazi wa mtaani kwetu iliwaka moto mpaka admini akafunga kuchati. Mama mmoja kaandika mwanae wa miezi 5 ana mafua, pua imeziba, anakoroma kama mzee, ziwa akilishika analiachia analia. Nusu saa haijaisha kashaambiwa apake Kingo, ile dawa ya kuchua, ndani ya tundu za pua, amfunike shuka na sufuria ya mkaratusi, amlambishe asali na kitunguu swaumu, na mmoja akasema hicho ni kimeo, kile kinyama cha kooni, akakatwe. Aliyesema mpeleke kliniki akaambiwa anajifanya mzungu.

Sasa mimi siyo mpinga mitishamba, tuelewane mapema. Mafua yakinibana nachemsha mchaichai na tangawizi kama kawaida, na tiba asili nchi hii ina sheria yake tangu 2002, Muhimbili kuna taasisi nzima inachunguza hizo dawa, kazi iliyoanza 1974. Hoja yangu ni umri. Tunachukua dawa ya baba wa kilo 80 tunampa kitoto cha kilo 6 eti kwa sababu ni ya asili haina madhara. Asali ni ya asili, ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka haonji hata tone, maana inaweza kuwa na vijidudu vya botulizimu ambavyo utumbo wake bado hauwezi kuvizuia, vikizaliana humo vinatoa sumu inayolegeza misuli mpaka ile ya kupumulia. Kafuri iliyomo kwenye hizi dawa za kuchua ikimezwa na mtoto inaweza kumtia degedege. Vicks VapoRub yenyewe imeandikwa wasipakwe walio chini ya miaka 2, na hata mkubwa hapaki ndani ya pua.

Nyungu, yaani huko kufukiza kwa mvuke, kwa watoto wadogo tuache kabisa au mnaona ina nafasi? Karibuni, matusi hapana.

Mdau wa Tanga:
Mkuu umeandika vizuri ila mnatuchosha. Sie tumelelewa na bibi, kivumbasi na majani ya mlimau yanachemshwa unafunikwa blanketi, ukitoka humo kamasi linatiririka lenyewe unalala fofofo mpaka asubuhi. Halafu 2021 si Waziri wa Afya Dkt. Gwajima alijifukiza mbele ya kamera nchi nzima inaona? Leo nyungu imekuwa sumu. Na hiyo kliniki mnayoisifia unakaa foleni toka alfajiri, ukiingia hata pua ya mtoto haiangaliwi, unaandikiwa amoksilini na panado, umekula nauli na mafua yanapona siku zile zile ambazo yangepona.

Mleta mada:
Kwenye amoksilini niko na wewe kaka. Mafua ni virusi, antibayotiki haiyagusi, hata kamasi likiwa la kijani hiyo peke yake siyo sababu ya kuanza dozi. Lakini waziri ni mtu mzima, mvuke ukimzidi anatoa kichwa. Mtoto wa miaka 2 kwenye giza la blanketi anapiga mateke. Hapa jirani sufuria iliwekwa chini kati ya miguu ya mama, mtoto akajivuta, maji yote mapajani. Mafua yalipona wiki ile ile, mapaja mpaka leo yana kovu. Na huo mvuke wa kuvuta puani umeshapimwa sana na watafiti kwa watu wenye mafua, faida inayoeleweka haijaonekana, kwa hiyo unamweka mtoto karibu na maji ya moto kwa ajili ya kitu ambacho hata hakina uhakika. Ile baridi ya mentoli nayo inadanganya tu neva, unahisi pua imefunguka wakati imeziba vile vile.

Muuza duka la dawa, Morogoro:
Niongezee kutoka dukani. Mzazi anakuja anataka "dawa ya maji ya mafua" ya mtoto wa miezi 3, ukimwambia haipo anaona humtaki, anavuka barabara anapewa duka la pili. Marekani tangu 2008 wanashauri hizo dawa za mafua na kikohozi asipewe mtoto chini ya miaka 2, Uingereza tangu 2009 chini ya 6. Kwa hiyo hata za kiwandani msizitetee sana jamani.

Mimi nawaelekeza maji ya chumvi. Maji yachemke kabisa yapoe, kwenye robo lita weka nusu kijiko cha chai cha chumvi, bapa, koroga iyeyuke yote. Mlaze chali dondosha matone 2 au 3 kila tundu, subiri kamasi lilainike, ndipo uchukue kile kipira cha kuvutia kamasi. Wengi hapa ndipo wanapokosea, wanaingiza kwanza halafu ndio wanabonyeza, matokeo yake wanamsukumia kamasi ndani. Bonyeza kikiwa nje, ingiza ncha mlangoni tu mwa pua, achia taratibu kivute. Fanya kabla ya kunyonyesha, akishashiba atakutapikia. Maji ya chumvi yakibaki mwaga, kesho tengeneza mengine. Kichanga anapumulia puani zaidi, ndio maana pua ikiziba hata ziwa linamshinda.

Mama wa Kisauni, Mombasa:
Mie nasoma tu nacheka. Nyote mwaongea kama mama ndiye mwenye kauli kwa mtoto. Mama mkwe akija na kichupa chake cha mafuta ya karafuu nimwambieje? Kwetu habasoda yapondwa, yafungwa kwa kitambaa, mtoto anusishwa, na vyetezo vya udi na ubani humo humo chumbani. Nikikataa naambiwa nimesoma sana. Na kuna wale wakamulia maziwa ya kifuani puani, nalo ni baya?

Mleta mada:
Dada swali lako ndilo lenyewe kabisa. Maziwa puani sijaona kama yanashinda maji ya chumvi, mnyonyeshe tu mara nyingi yatamfaa zaidi tumboni. Habasoda ya kunusa kwa mkubwa sina ugomvi nayo. Mafuta ya karafuu kwa kichanga hapana, ni makali mno, akiyameza ni hatari kweli. Na huo moshi wa udi, moshi wa jiko la mkaa na dawa ya mbu ya kuchoma utoke chumbani kabla hujagusa dawa yoyote, kuna watoto "mafua hayaishi" kumbe ni moshi. Kuhusu mkwe, mpe yeye hiyo kazi ya matone. Bibi anataka kumhudumia mjukuu, akishika kichupa cha maji ya chumvi mkononi karafuu anaisahau.

Muuza duka la dawa, Morogoro:
Na huyo wa kimeo asituharibie uzi. Kukata kimeo ni damu na maambukizi, pua haifunguki kwa kukatwa koo. Mtoto akipumua haraka usibishane na mtu: hesabu dakika nzima akiwa ametulia. Chini ya miezi 2 ikifika 60, kabla ya mwaka ikifika 50, mwaka 1 mpaka 5 ikifika 40, nenda kituo. Mbavu zikibonyea ndani akivuta pumzi au akigoma kunyonya usingoje hata kuhesabu.

Mdau wa Tanga:
Haya, kwa vichanga nimesikia. Ila mwenye miaka mitano na kuendelea asali na limau mtaniachia, na nyungu yangu mwenyewe siachi hata aje nani. Sasa nijibuni hili, wangu wa miaka 6 hana mafua ila analala mdomo wazi, anakoroma, saa nyingine kama pumzi inakata halafu anashtuka. Kivumbasi kimegoma. Watu wanasema nyama za puani.

Mleta mada:
Huyo kaka kivumbasi wala chumvi haimhusu. Mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo, na usiku mrekodi kwa simu anavyokoroma, hapo anapokata pumzi paonekane, ukifika muonyeshe.

Mdau wa Tanga:
Poa, naomba ruhusa kazini Jumatatu.