Prosesa inafika digrii 100 nikirenda Blender, pesti ya kupitisha joto au kuna jengine?

mchoraji_mlandege:
Asalamu alaykum jamani. Nna kompyuta ya mezani, i7-10700 na feni yake ileile iliokuja na boksi, ramu 32, kadi ya picha GTX 1660. Kazi yangu kuchora nyumba na vyumba vya hoteli, yote kwenye Blender, programu ya kuchora 3D, halafu narenda, yani kompyuta inaitoa picha kamili. Nikiandika au nikitizama video haina neno, iko 45 hivi, lakini nikibonyeza kurenda tu hata sekunde tano hazijatimia HWiNFO, programu ya kupima joto, inaonesha 100, spidi inaporomoka kutoka ghz 4 na kitu mpaka 2 na kitu na feni inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Picha moja ya sebule inalala usiku kucha. Nlikuwa naitumia Dar haina shida, nimeileta Unguja kwa boti mwezi uliopita ndo mambo yakaanza. Fundi mmoja kanambia joto la kaskazi hilo, funga AC. Sasa kabla sijatoa hela za AC nambieni, ni hali ya hewa kweli au pesti imekauka?

kijana_wete:
Wa alaykum salaam. Pesti hiyo kaka. Futa, weka mpya, na vumbi upulize. Kwisha.

fundi_darajani:
Yakhe AC acha kwanza. Chumba kikiwa na 32 badala ya 26 prosesa nayo itazidi digrii sita hivi, haiwezi kutoka 45 ikaruka 100 kwa sababu ya kaskazi. Wewe tizama inapanda kwa kasi gani, hapo ndo jawabu lilipo. Vumbi likiziba au kesi haipumui joto linapanda polepole, dakika tano, kumi, maana lile bati la chini ya feni linalopokea moto wa prosesa lazima lijae moto kwanza. Likiruka mara moja ukibonyeza tu, basi moto haufiki kwenye bati kabisa, bati halijakaa sawa juu ya prosesa. Na umesema imepanda boti, mimi nshajua. Feni hiyo ya Intel inashikwa na miguu minne ya plastiki inayopenya kwenye bodi, kompyuta ikilazwa na kugongwagongwa na mizigo mguu mmoja unachomoka na wewe kwa juu huoni kitu.

Zima, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu, shika feni uitikise taratibu. Ikicheza upande mmoja ndo hapo hapo. Tizama na nyuma ya bodi kama ncha za plastiki zote nne zimetokeza sawasawa. Kuitoa unazungusha kichwa cha mguu kufata mshale halafu unavuta juu, kurudisha unazungusha kinyume mpaka mwisho, unakandamiza kwa mkingamo, huu kisha wa pembe ya pili, mpaka usikie ta! Ukishainyanyua pesti ya zamani hairudiwi, futa kwa spiriti, weka tone moja katikati, bati lenyewe litaitandaza. Na tafadhali usipeleke kwa wale wa pancha wakupulizie na kompresa, upepo ule una maji ndani. Brashi laini inatosha, na uzuie feni kwa kidole isizunguke.

bi_randa_chake:
Nakubaliana na fundi kuhusu mguu ila mchoraji usitegemee miujiza, feni hiyo ndogo kwa kazi yako. Intel wameiandika prosesa hiyo wati 65 lakini hiyo ni ya spidi ya kawaida, ikipandisha inaruhusiwa mpaka 224 kwa muda mfupi, na bodi nyengine zinaacha mlango wazi muda wote. Ingia bayosi, zile setingi za bodi kabla Windows haijawaka, utafute limiti ya pawa uirudishe 65, utapoteza spidi kidogo lakini itatulia. Na mie kilichonishangaza khasa, una 1660 halafu unarenda kwa prosesa kwa nini?? Fungua Edit, Preferences, System, chagua CUDA au OptiX, hizo njia za kurenda kwa kadi, halafu kwenye setingi za renda za Cycles, injini ya kurenda ya Blender, badilisha CPU weka GPU Compute. Tatizo lake ni memori ya kadi, gb 6 tu, sebule yenye mapambo mengi na picha za 4K inaweza isiingie, basi punguza ukubwa wa zile picha.

kijana_wete:
Mie bado nasema pesti 😂

mchoraji_mlandege:
Fundi Mungu akuzidishie. Mguu wa upande wa ramu ulikuwa umechomoka kabisa, kwa macho hata hujui. Nimeukandamiza umelia ta, sasa hivi inarenda na haijapita 84. Ya kadi nayo ntaijaribu bi randa, nlikuwa najua hiyo ni ya magemu tu.

fundi_darajani:
Umekandamiza tu au umeinyanyua ukaweka pesti mpya?

mchoraji_mlandege:
Nimekandamiza tu.

fundi_darajani:
Basi kijana wa Wete leo kapata haki yake. Upande ulioinuka pesti imeshaingia upepo, nyanyua yote ufute uweke mpya, utashuka tena digrii kadhaa. Na kama uko karibu na bahari usiiweke dirishani, chumvi inakula pini za bodi na hiyo haina pesti.

mchoraji_mlandege:
Sawa, ila wacha picha hii iishe kwanza, mwenye hoteli ashapiga simu tangu asubuhi.