HiAce ya kulala safarini: mpangilio gani wa ndani unafaa Kitulo, Matema na Ruaha?

Uyole_Juu

Wakuu, habari zenu. Kuna HiAce super long hapa, bodi pana, paa la juu. Viti vyote vya nyuma vimetolewa isipokuwa mstari mmoja. Inatengenezwa iwe ya kulala watu wanne, wakubwa wawili na watoto wawili, miaka 7 na 10. Njia zake ni hizi za kwetu: Kitulo (uwanda wa juu wa maua) kwa kupandia Chimala na Matamba, Matema (ufukwe wa Ziwa Nyasa), na mara chache Ruaha (hifadhi ya wanyama) kupitia Iringa.

Michoro ya mtandaoni karibu yote ni ya Ulaya na Marekani. Ina bafu, choo, friji kubwa na jiko la plate tatu, na fundi anasema anaweza kunakili wowote nitakaouchagua. Naomba mnaozijua gari hizi mniambie, wenye nazo huishia kutaka nini na kung'oa nini? Kitanda kiwe cha kudumu au cha kukunja? Choo kiwemo? Betri na sola kiasi gani? Na baridi ya Kitulo inazuiwaje bila kuwasha moto ndani?

---

Fundi_Bodi_IR

Mkuu, usinakili mchoro wa nje kabla ya kuugeuza. Marekani na Ulaya bara wanapita kulia barabarani, kwa hiyo mlango wao wa kuburuta uko kulia. Wa HiAce ya Japani uko kushoto. Mchoro usipogeuzwa, kabati refu linaangukia mlangoni. Isitoshe, ile michoro imepangwa kwa mtu anayeegesha kwenye kambi yenye bomba, soketi ya umeme na shimo la maji taka kando ya gari. Njia ulizotaja hazina hayo, na bafu litageuka stoo ya viatu ndani ya mwezi.

Anza kuchora na tope, kitanda baadaye. Maua ya Kitulo yanachanua Desemba hadi Aprili, na hiyo ndiyo miezi ya mvua. Anayekwenda kuyaona anaingia garini na buti zenye udongo na koti linalochuruzika. Mlangoni acha nafasi ya sm 60 kwa 60 isiyo na kabati, weka trei ya bati yenye ukingo wa sm 4, juu yake ndoano nne za makoti. Sakafu iwe ya mpira unaofutika. Zulia likilowa huko juu halikauki hadi urudi mjini.

Kitanda kiwe cha kudumu. Cha kukunja kinapendeza kwenye picha, ila usiku wa mvua mmoja akipanga mito wengine watatu hawana pa kusimama. Upana wa ndani ni kama mita 1.7 kabla ya sponji na plaiwudi, hivyo mtu mzima akilala kwa kukingama anakunja magoti. Kilaze kwa urefu wa gari, mita 1.90 kwa 1.35, kwenye kona ya nyuma. Fremu isizidi sm 50 kutoka sakafuni, kwa sababu paa lenu linaacha kama mita 1.6 tu na mtu akiketi kitandani lazima kichwa kipite. Chini ya kitanda weka droo zinazofunguka kwa mlango wa nyuma, ili kamba, jeki na viti vya nje vitolewe bila kumwamsha mtu.

Injini ya hiyo gari iko chini ya viti vya mbele, na viti hivyo huinuliwa wakati wa sevisi. Kabati lolote linalozuia kiti kuinuka litakatwa siku ya kwanza ya kubadilisha filta. Kabla ya kutoboa sakafu lala chini ya gari ulione tangi la mafuta, mipira ya breki na tairi la akiba vilipo. Kuna watu huona tangi baada ya drili kupita.

Uzito ndio unaoharibu gari nyingi za aina hii. Soma uzito wa juu unaoruhusiwa kwenye kadi ya gari, toa uzito wa gari tupu, kisha andika kila kitu kinachoingia. Kwa familia yenu hesabu inaenda hivi: watu kama kilo 220, mbao na plaiwudi 150, kitanda na godoro 40, maji lita 60 ni kilo 60, mtungi wa gesi wa kilo 6 pamoja na chuma chake kama 13, mizigo 60, keria na turubai 40. Hizo ni kama kilo 580 kabla ya betri na friji. Maji na betri viwe chini, mbele ya ekseli ya nyuma. Friji upande mmoja, jiko upande wa pili. Ukirundika maji na vyombo nyuma ya ekseli, gari inainua pua na usukani unakuwa mwepesi kwenye kona. Ukiweka kilo 100 kwenye keria, utazihisi kona zote 57 za Chimala–Matamba.

Na huko juu, karibu mita 2,600, hewa imepungua karibu robo ukilinganisha na pwani. Injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kwa kiasi hichohicho. Kilo utakazoacha kuweka utazihitaji kwenye ule mlima.

---

Waya_Mbili

Nachangia umeme tu.

Friji ya compressor ya volti 12, lita 40 hivi, inavuta kama wati 45 ikiwa inazunguka. Ikizunguka asilimia 40 ya siku ni Wh (wati-saa) 432, karibu Ah (ampea-saa) 36. Kitulo itazunguka kidogo, Matema kwenye joto itazidi hapo. Ongeza taa Ah 5, simu na spika Ah 10, feni Ah 8. Weka hesabu yako kwenye Ah 60 kwa siku.

Betri ya lithium ya Ah 100 inakutosha siku moja na nusu na ina kilo kama 12. Za asidi utahitaji Ah 200 kwa kazi hiyohiyo, maana ukizimaliza zaidi ya nusu kila mara zinakufa mapema, na uzito wake unakaribia kilo 60. Lithium isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Juni na Julai Kitulo hupata sakitu, basi betri ikae ndani ya gari, isifungwe chini ya chesisi.

Wengi hukimbilia paneli. Paneli ya wati 200 ni nzuri kiangazi, lakini mwezi wa pili pale Tukuyu au Kitulo wingu linaweza kukaa siku nzima, na hapo inatoa sehemu ndogo ya uwezo wake. Kinachokuokoa ni alternata, ile jenereta inayozungushwa na injini. Funga chaja ya DC hadi DC ya ampea 30, inayochukua umeme huo na kuchaji betri ya ndani. Saa mbili barabarani zinarudisha hadi Ah 60. Usiunganishe betri ya gari na ya ndani kwa swichi tupu, hasa kama alternata inaendeshwa na kompyuta ya gari, kwa sababu betri ya ndani haitajaa kamwe.

Waya ndio ugonjwa mkubwa. Mafundi wengi wanatumia waya wa nyumbani wa mm² 1.5 kwa friji. Kwa umbali wa mita 5 na mkondo wa ampea 5, waya huo unapoteza karibu volti 0.6 kwenda na kurudi, friji inasoma kwamba betri imeisha na kujizima saa kumi alfajiri wakati betri ina nusu. Weka mm² 6. Chaja ya ampea 30 ipate mm² 16 na fyuzi ya 40 au 50 kwenye ncha zote mbili, karibu kabisa na kila betri. Inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya wati 1,000 inavuta karibu ampea 100, hivyo mm² 35 na fyuzi ya 125 hadi 150. Birika la umeme la wati 2,000 lisahau. Maji ya chai yachemkie kwenye gesi.

---

MwanaMakete

Fundi wa Iringa kasema vizuri, ila hakugusa jiko. Wengi hulipanga chini ya mlango wa nyuma kwa vile ule mlango ukiinuliwa unakuwa kibaraza. Matema sawa. Kitulo hapana. Kule mvua inakuja kwa ubavu, upepo unazima moto, na baridi yote inaingia kitandani. Jiko la plate mbili likae nyuma ya kiti cha dereva, likitazamana na mlango wa kuburuta, na dirisha la kufunguka juu yake. Watakaotaka kupika nje kiangazi waweke ubao wa kukunja upande wa mlango. Kumbuka pia kwenye urefu ule maji yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi, maharage makavu yatakula gesi usiku kucha. Sufuria ya presha ni kifaa cha lazima kuliko oven.

Mtungi ukae wima ndani ya sanduku lake lililozibwa upande wa chumbani, lenye tundu la kupita sakafuni hadi nje. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka chini. Tundu la juu halisaidii. Tundu hilo lisiwe juu ya ekzosi. Mpira uwe mfupi, na kila ukibadilisha mtungi paka povu la sabuni kwenye maungio.

Jiko la mkaa lisiingie ndani kabisa, hata la kuotea, hata likiwa na majivu tu baada ya kuchoma samaki Matema. Hewa yake yenye sumu haina harufu na watu hufa usingizini. Weka kengele ya monoksidi, yaani ya hewa hiyo, usawa wa kichwa kitandani.

Kuhusu hita ya dizeli: zile za bei nafuu zinachanganya mafuta kwa hewa ya nchi tambarare. Ukipanda juu ya mita 1,500 (Mbeya mjini tayari ni 1,700) mafuta yanazidi hewa, masizi yanaziba chumba cha moto, na baada ya muda haiwaki. Kama lazima, tafuta yenye marekebisho ya mwinuko, ya kW 2 na si 5, kwa sababu kubwa ikiendeshwa polepole ndiyo inayojaa masizi haraka. Kwa maoni yangu blanketi mbili nzito kwa kila mtu na godoro lisilogusa bati zinatosha.

Adui hasa ni jasho la bati. Watu wanne wakipumua usiku kucha hutoa maji mengi, na yote yanatafuta chuma baridi. Kwangua kutu, paka redoksaidi (rangi ya kuzuia kutu), acha ikauke. Kisha bandika sponji nyeusi nzito isiyonyonya maji, ile ya kufungia mabomba ya AC: mm 20 ubavuni na darini, mm 10 sakafuni. Usitumie sufi ya kioo wala vipande vya godoro, vinanyonya na bati linaoza kwa ndani bila wewe kuona. Matundu ya kutolea maji chini ya milango usiyazibe. Plaiwudi ifungwe kwenye fito za mbao, isifungwe moja kwa moja kwenye mbavu za chuma. Kila skrubu inayogusa bati itadondosha tone asubuhi. Feni ndogo ya paa na dirisha moja lililoachwa wazi sm 2 vinafanya kazi kubwa kuliko sponji ya bei ghali. Weka wavu kwenye vyote viwili, mbu wa Matema wanakusubiri.

---

Uyole_Juu

Asanteni sana wakuu, hii ni hazina. Jiko nalihamishia ndani. Bado nina mawili: choo, kwa sababu mama watoto hataki kusikia habari ya kutoka nje Ruaha usiku, na watoto walale wapi.

---

Dada_Mafinga

Mama watoto ana haki. Kambi za hifadhi hazina uzio, tembo na simba wanapita, na usiku hakuna kushuka. Ila choo cha kujengewa kinakula sm 70 kwa 80 za gari. Chukua cha kubeba cha lita 20, kikae kwenye sanduku linalotumika pia kama kiti, na pazia la kuzunguka. Dawa zake zenye formalini usimwage kwenye shimo la choo la kambi, zinaua vijidudu vinavyooza uchafu. Au ndoo yenye mfuniko mkali na pumba za mbao, mkojo ukitengwa kwenye dumu lake. Huku kwetu pumba ni za kuokota.

Maji: badala ya tangi moja la lita 60, madumu matatu ya lita 20 na pampu ndogo ya kuzamisha. Dumu unalibeba hadi bombani, unalisugua ndani, na likitoboka unanunua lingine popote. Dumu la nne ni la maji machafu.

Mbao za paini zinazouzwa Mafinga mara nyingi ni mbichi. Ukitengenezea kabati leo, mwezi ujao mlango haufungi. Zipange kivulini na fito katikati yake, pima uzito wa ubao mmoja kila wiki, tumia uzito ukiacha kushuka. Kabati plaiwudi ya mm 9, kitanda mm 12. Ya mm 18 ni uzito wa bure. Gundi na skrubu, msumari unajitoa kwenye changarawe. Na kila droo iwe na komeo la kubonyeza, sumaku haizuii kitu kwenye kona.

La Ruaha: vumbi linaingia kwa mlango wa nyuma kwa sababu gari ikikimbia hewa ya nyuma inanyonywa. Badilisha mpira wa mlango, funga madirisha ya nyuma, washa feni ya mbele kwenye hewa ya nje ili ndani kuwe na msukumo. Na ukipaka rangi upya usipake bluu wala nyeusi, mbung'o wanazipenda.

---

Fundi_Bodi_IR

Nakubali kuhusu jiko, upepo wa huko siwezi kubishana nao.

Watoto: ule mstari wa viti uliobaki usiutoe. Una mikanda na umefungwa kwenye sehemu ya bodi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Benchi la mbao lenye mkanda uliofungwa kwenye plaiwudi halishiki mtoto gari ikisimama ghafla. Wa miaka 7 alale juu ya viti vya mbele: mabomba mawili ya chuma yenye turubai nene, yanayochomekwa usiku tu na kutolewa asubuhi, ili viti viinuke. Pima upana wa kabini yako, utapata kama mita 1.5. Wa miaka 10 alale kwenye kiti cha nyuma kilicholazwa, na ubao wa kuziba pengo la mbele uwe na miguu yake, usiegemee mlango.

Kabla ya kukata bati la dirisha au kupaka rangi, pita TRA kuhusu mabadiliko ya viti, rangi na matumizi kwenye kadi, na uulize bima kama wataendelea kukukatia kwa matumizi hayo mapya. Ukimaliza, ipime ikiwa na maji na watu ndani, upande kwa upande, kwenye mizani yoyote ya ghala la mazao. Tofauti ya kushoto na kulia ikizidi kilo 50, hamisha betri kwanza, ndiyo rahisi.