Mlango wa njano Royal Crescent: nyumba yangu, rangi yangu?

Mchokozi: Wadau, pale Royal Crescent, ule msururu wa nyumba zilizoungana kama mwezi mwandamo mjini Bath, Uingereza, namba 22, mama mmoja miaka ya 70 alipaka mlango njano na ya majirani yote myeupe. Halmashauri wakamjia juu aurudishe, akakataa, ikafika mpaka kwa waziri, waziri kasema ubaki hivyohivyo. Mimi nasema alikosea. Nyumba 30, nguzo 114, msanifu majengo John Wood mdogo (baba yake naye John Wood) kazipanga zionekane jumba moja, we unatuletea njano!

Kibopa: Hela yake, mlango wake. Wivu tu.

Mchokozi: Wivu wa nini, mi nina mlango wangu.

Fundi Leicester: Huo umoja unaousifia ni wa mbele tu, zunguka nyuma uone. Wood alipanga sura ya mbele, kila mnunuzi akaleta mjenzi wake akajenga anavyojua, ndo maana kule nyuma kila nyumba na lwake. Na hawa hawa Waingereza wa urithi waliziba madirisha kwa matofali kukwepa kodi ya Malkia Victoria, leo rangi ndo imekuwa dhambi?

Bi Msomi: Victoria?? Kodi ya madirisha imeanza 1696, Victoria hajazaliwa hata bibi yake. Ilifutwa 1851, yeye ndo yuko kwenye kiti. Uwe unasoma kabla ya kuandika, fundi.

Fundi Leicester: Sawa mwalimu, ila walikwepa hawakukwepa?

Bi Msomi: Si madirisha yote. Mengine yamejengwa yakiwa yamezibwa tangu mwanzo, ya uongo, ili mbele palingane kushoto na kulia.

Fundi Leicester: We huishi huku. Mi nimepanga nyumba iliyoorodheshwa na serikali kama urithi, daraja la pili, upepo unapita dirishani kama hakuna kioo, na mwenye nyumba akibadilisha dirisha bila kibali ni kosa la jinai, sio faini ya kuongea na mtu. Njoo ukae Januari halafu uniambie uzuri wa kulingana.

Kibopa: Kwani hiyo kodi alilipa nani, mwenye nyumba au mpangaji?

Bi Msomi: Anayeishi humo. Ila zile za kupangisha familia nyingi alilipa mwenye nyumba, ndo akaziba, maskini wakakaa gizani.

Kibopa: Basi wa kwangu afadhali, anazima umeme saa nne tu 😂

Mchokozi: Mlango jamani, MLANGO.

Kibopa: Saa nne na wenyewe anaufunga.