MREJESHO: Yule Mgiriki wa mkonge Tanga, baba yake bibi

Wakuu nimerudi. Mnakumbuka nilikuwa namtafuta baba yake bibi, Mgiriki wa mashamba ya mkonge Tanga, ambaye kwetu tunaambiwa alikimbilia kwao serikali ilipotaifisha mashamba 1967. Kumbe wapi! Aliyesema niache kuzunguka makaburini nikapekue magazeti ya zamani ya Tanganyika Standard, ukurasa wa vizazi, ndoa na vifo, ubarikiwe mkuu, maana siku ya tatu maktaba macho yameshauma nikakuta tangazo la mistari minne, kafariki 1958, kaacha mke na watoto wawili, bibi yetu hata hajatajwa (sikushangaa ila iliuma). Ushauri wa kuandikia kanisa la Wagiriki haujazaa kitu, barua mbili kimya. Hao watoto wawili bado sijawapata. Bibi nilimsomea, akasema hebu rudia. Asanteni sana.