Mrejesho: Kibali cha utafiti wodini kimetoka

Niliuliza kama ni kawaida mwanafunzi kusubiri miezi 4 kabla ya kuanza utafiti wa wagonjwa hospitalini. Kibali kimetoka juzi. Kilichonikwamisha si urasimu, kama nilivyolalamika, bali fomu yangu ya ridhaa: niliandika kwamba ushiriki ni wa hiari, lakini sikueleza kuwa mgonjwa anaweza kujitoa wakati wowote na akaendelea kutibiwa kama kawaida. Kamati ya maadili iliizungushia sentensi hiyo wino mwekundu. Mlionishauri nianze kukusanya data kimyakimya mniwie radhi, sikuthubutu. Azimio la Helsinki, yaani mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa kitabibu kwa binadamu, linataka itifaki (mpango ulioandikwa wa utafiti) ipitiwe na kamati ya maadili kabla ya utafiti kuanza. Jumatatu naingia wodini, na madodoso nimekwisha kuyachapa.