MJADALA: OSPE kwa doli au sahihi za logibuku, kipi kinatuambia huyu kijana kaiva?

Mkunga wa Zamu ya Usiku
Wakuu hili nimekaa nalo muda mrefu naomba tulijadili bila matusi. Hawa wanafunzi wa diploma ya uuguzi tunaowapokea wodini wanapimwa kwa mtihani wa kuandika, kwa OSPE kule chuoni (ule mtihani wa vitendo wa stesheni, kwa doli), na kwa logibuku, daftari la kazi alizofanya wodini, tunayosaini sisi huku. Mtu anatoka na matokeo mazuri ya ukunga alafu ukimuweka leba hajui aanzie wapi. Juzi tu mtoto katoka hajalia, kijana anamfuta mgongo, anafuta, anafuta, ambu begi na maski vya kumpulizia hewa viko pale pale pembeni ya mkono wake na ile dakika ya kwanza inakatika, ikabidi nimsogeze nishike mwenyewe. Baadae tumetulia namuuliza hatua, ananitajia zote kwa mpangilio hajaruka hata moja! Hoja yangu ni hii, OSPE ipunguziwe uzito, mwanafunzi apimwe akiwa na mgonjwa wa kweli mbele yake, na anayempima awe amemwangalia akifanya kazi zaidi ya mara moja. Mnasemaje?

Jicho la Tatu
Kwani mwanafunzi alikuwa na mtoto asiyelia peke yake wewe ukiwa wapi? Jibu hilo kwanza ndo tuje kwenye OSPE.

Mkunga wa Zamu ya Usiku
Nilikuwa kitanda cha pili na mama anayetoka damu. Tulikuwa wawili zamu nzima. Umewahi kulala leba wewe au unaisoma tu?

Tyuta wa Kanda ya Ziwa
Sista pole na kazi. Ila OSPE usiionee. Huu mfumo wa stesheni, mwalimu wa udaktari Harden aliuanzisha kule Dundee, Scotland, akauandika mwaka 1975, na sababu yake ilikuwa hii hii ya haki. Zamani mtihani wa vitendo ulikuwa bahati nasibu, huyu anapewa mgonjwa mpole mwenye hernia, yule anapewa bibi ana magonjwa manne na hataki kuguswa, na msimamizi anatoa maksi anavyojisikia siku hiyo. Stesheni zinafanya wote wakutane na kazi moja, chekilisti moja, muda mmoja. Ukirudisha mtihani wodini umerudisha upendeleo. Alafu mimi wanafunzi nilionao ni wengi kuliko vitanda vya wodi tunayoenda, nimpime nani kwa mgonjwa yupi? Tatizo ni logibuku. Siku hizi zinajazwa nje ya geti, hasa hawa wa vyuo binafsi, soda moja na chipsi ukurasa mzima umesainiwa.

Binti wa Fildi
Shikamoo mwalimu. Hapo kwenye soda na chipsi sitanyamaza. Nimesoma chuo binafsi, ada ilitoka kwenye vitenge vya mama yangu sokoni, na sijawahi kumnunulia mtu hata maji ya kunywa ili anisainie. Unajua inavyokuwa? Mnafika wodini vyuo vitatu kwa pamoja, wale wa chuo kilicho ndani ya hospitali ndo wanaitwa kwanza, sisi tunaambiwa "nyie angalieni". Logibuku inataka uzalishe idadi fulani ya kina mama, na mama anayejifungua ni mmoja, mmoja kashika kichwa, mwingine kakata kitovu, mwingine kachoma oksitosini ya kuzuia damu, wote tunaandika tumezalisha. Hatukununua sahihi, tuligawana mama. Sasa hilo ni kosa la mwanafunzi?

Mtoto wa Serikali
Acheni kujiliza, mnaingia na D mbili za kuokoteza alafu mnataka huruma. Chuo kinachukua kila anayelipa.

Binti wa Fildi
Sifa za kuingia ni zile zile kwa wote, D ya Kemia na Baiolojia inakubalika hata huko kwenu, kasome mwongozo wa NACTVET, wale wasimamizi wa vyuo, kabla hujafungua mdomo. Na mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga tunaufanya pamoja, hauulizi umetoka chuo gani.

Mtoto wa Serikali
Ndo utuwekee matokeo ya chuo chenu hapa tuone.

Kanula Ishirini
Naona soda imeshinda mada. Mi nirudi nyuma kidogo. Kuna utafiti ulifanyika hapa hapa kwetu, Haydom kule Manyara, nadhani 2012, watumishi wa leba walifundishwa kwa siku moja kusaidia watoto wasiopumua, ile programu ya doli. Walipopimwa kwa doli miezi kadhaa baadae walikuwa vizuri kuliko mwanzo. Wakaangalia sasa leba yenyewe kwa watoto halisi, kukawa hakuna kilichobadilika. Yaani hicho ndo alichokiona sista usiku ule.

Tyuta wa Kanda ya Ziwa
Ulichapishwa 2013 mkuu, na usiishie njiani. Baada ya pale walibadilisha utaratibu, badala ya siku moja kubwa wakawa wanafanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara na doli lile lile palepale leba, na vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikapungua. Doli halikuwa tatizo. Na wale walikuwa watumishi, siyo wanafunzi.

Kanula Ishirini
Sawa kabisa, ila wewe doli umelifungia skills labu unalitoa wiki ya OSPE! Kilichosaidia kule ni mazoezi ya kila mara, na pale mtu anapofanyia kazi. Unapima kitu ambacho hujakifanyisha mazoezi.

Sentimita Tano
Na hizo chekilisti nani anazipitia jamani? Mimi kwenye stesheni ya patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, niliulizwa hatua hai ya uchungu (ukishakolea) inaanzia njia ikiwa imefunguka sentimita ngapi, nikajibu tano, nikakatwa maksi kwa sababu chekilisti imeandikwa nne. WHO walishasema tano tangu 2018, na ile fomu mpya ya kufuatilia uchungu ya 2020 imeanzia tano. Nimekatwa maksi kwa kusoma.

Mzee wa Patografu
Mwanangu, patografu iliyokuwa mezani kwako ilikuwa ipi? Ile ya zamani mstari wa tahadhari unaanzia nne, ukipewa hiyo unajaza kuanzia nne. Swali lilihusu karatasi.

Sentimita Tano
Swali lilisema "hatua hai inaanza lini" na mezani hakukuwa na karatasi yoyote mzee wangu. Na hata kama ingekuwepo, nikifika wodi inayotumia fomu mpya nikaanza kumuharakisha mama kwa sababu kafika nne, anayeumia ni mimi au aliyetunga swali?

Mzee wa Patografu
Nimezalisha kwa nne miaka yote na kina mama wako hai.

Jicho la Tatu
Mzee heshima yako, lakini ndo maana wanafunzi wanaogopa kuuliza wodini.

Inchaji wa Wodi
Niseme kama anayesaini. Chuo kinailipa hospitali hela ya fildi kwa kila kichwa. Mimi ninayesimama nae, namuonyesha kuingiza kateta, namshika mkono asiguse sehemu safi, sijaona hata boksi la glavu. Asubuhi nina wagonjwa wangu, nina dawa za kugawa, nina ripoti, na foleni ya logibuku kumi mezani za watoto wanaotaka kurudi chuoni na basi la saa nane. Unasaini. Siyo kwa soda, unasaini kwa sababu hukumuona na huna namna ya kurudisha siku. Tyuta unasema tatizo ni logibuku, mara ya mwisho wewe kukaa wodini na wanafunzi wako kuanzia asubuhi mpaka jioni ni lini?

Tyuta wa Kanda ya Ziwa
Tuko wakufunzi wachache na mitihani ya kusahihisha haiishi. Naelewa unachosema dada yangu, ila usinihukumu mimi kwa mfumo.

Binti wa Fildi
Wewe umetuhukumu sisi kwa soda. Ifute kwanza.

Mkunga wa Zamu ya Usiku
Mimi nimeacha kusaini nisichokiona. Wiki iliyopita kijana kaniletea ukurasa, nikasaini kuchoma sindano na kupima mapigo ya mtoto tumboni, kwenye kuzalisha nikaacha wazi nikamwambia njoo usiku tuzalishe wote. Chuo kikanipigia simu kuuliza kwa nini namkwamisha mwanafunzi wao. Nikawaambia mleteni mkufunzi akae na sisi zamu nzima, tumpime wote wawili.

Inchaji wa Wodi
Wakaja?

Mkunga wa Zamu ya Usiku
Kijana alikuja. Mkufunzi bado.